Tumebadilisha sauti ya bei, mbona wengine bado wanasikia ile ya zamani?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ndo naangalia kompyuta za chama cha wafugaji nyuki hapa Tabora. Tuna namba ambayo mwanachama akipiga anasikia bei ya asali, kilo alizoleta na malipo yake, yote kwa sauti tulizorekodi wenyewe. Mfumo ni Asterisk, programu ya kupokea simu kwa kompyuta, seva ziko mbili, moja ofisini moja Dar. Bei ilipopanda tukarekodi upya, lakini mpaka leo wengine wanasikia mpya na wengine ya zamani, kuna mzee katoka Sikonge kaja ofisini kagomba kweli. Sauti zingine zinakwaruza. Na sasa viongozi wanataka tuongeze Kinyamwezi. Mafaili yako kama 400 na sijui lipi linatumika wapi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Yule mzee ana haki ya kugomba, mtu katoka Sikonge na asali yake, kichwani ana hesabu ya bei aliyoambiwa na simu ya chama chake, afu anafika anakuta nyingine. Kwake simu ndo chama. Kwa hiyo tuanze na hilo la sauti mbili, mengine yatafuata maana mengi yana mzizi huohuo.

Cha kwanza usibahatishe, itazame simu ikiwa laivu. Ingia kwenye seva uandike asterisk -rvvv, afu mtu apige kwa simu ya kawaida, siyo ya mezani ya ofisini, apige kama mwanachama. Kila promti, yaani kipande cha sauti mlichorekodi, inapoanza kusikika utaona mstari unakuonyesha jina la faili linalochezwa, tena na ule mkia wa fomati mwishoni, kama bei.alaw au bei.gsm au bei.wav, na lugha iliyochaguliwa. Huo mkia ndo ushahidi wako. Fanya hivohivo seva ya pili. Nina hakika ndani ya simu chache utakuwa umeshajua.

Ninachokitegemea ni hiki. Kwenye mpangilio wa simu unaandika jina la promti bila mkia, unaandika tu bei, na Asterisk yenyewe ndo inatafuta kwenye folda fomati ipi iko karibu zaidi na kodeki (namna ya kufunga sauti) ya simu iliyoingia ili isipate kazi ya kugeuza. Sasa unakuta aliyewawekea mfumo zamani aliacha kila promti kwa fomati tatu, wav na gsm na alaw, halafu nyie mkarekodi upya mkabadilisha ile wav peke yake. Mwanachama anayeingia kwa alaw anapewa bei.alaw ya zamani, na anayeingia kwa kodeki nyingine anaweza kupewa bei.wav mpya. Mnapojaribu ofisini mnasikia mpya, mnaridhika, mnafunga ofisi, kumbe wapigaji wengi wa nje hawajaisikia hata siku moja.

Kama siyo hilo basi ni seva mbili, mliapdeti moja. Hapa usiamini macho wala tarehe ya faili maana ukikopi tarehe inabadilika, tumia sha256sum kwenye seva zote mbili kwa kila faili, namba zikilingana sauti ni ileile, zikitofautiana umempata mwizi. Na kuna sababu ya tatu inayosahaulika, kwamba bei imesemwa sehemu zaidi ya moja, kwenye menyu kuu ipo, na kwenye ile taarifa ya malipo nayo ipo lakini kwa faili lingine lenye jina lingine, na hakuna anayekumbuka.

Kama seva yenu inavuta sauti kwa anwani ya wavuti badala ya kusoma diski (Asterisk inaweza hivo kuanzia toleo la 14, na FreeSWITCH, programu nyingine ya simu, nayo inayo), ongeza la nne, kache. Seva ya midia ikishavuta faili inalihifadhi, na ukiweka sauti mpya kwa anwani ileile inaweza kuendelea kucheza ile iliyoihifadhi mpaka muda wake uishe. Kila seva ina kache yake na kila moja inaisha kwa wakati wake, kwa hiyo wapigaji wanachanganyikiwa kweli.

Ukiziangalia zote hizo utaona ni kosa moja: sauti mpya imewekwa juu ya jina la zamani. Hili ndo nataka ulishike kuliko lingine lolote nitakalokwambia. Faili la sauti likishatoka kwa wanachama usiliguse tena, usilifute, usilikopie juu yake. Sauti mpya inatoka na mahali pake papya, afu unageuza kiungo (symlink, jina linaloelekeza kwenye folda nyingine).

Nafanyaje mimi. Ndani ya folda ya sauti za Kiswahili (kwa kawaida ni /var/lib/asterisk/sounds/sw, kwenye Debian mara nyingi ni /usr/share/asterisk/sounds/sw) natengeneza folda za matoleo, toleo-01, toleo-02, na kila toleo lina promti ZOTE, siyo zile zilizobadilika tu. Halafu kuna kiungo kinaitwa sasa kinachoelekea toleo linalotumika, na mpangilio wa simu unajua jina moja tu, sasa/bei, sasa/karibu, basi. Bei ikipanda natengeneza toleo-08 kwa kukopi toleo-07 nzima, naweka sauti mpya humo, napeleka seva zote mbili kwa rsync (programu ya kukopi mafaili kati ya kompyuta), nalinganisha sha256sum, naisikiliza kwa simu kupitia namba ya majaribio, ikiwa safi ndo nageuza kiungo kwenye seva zote dakika hiyohiyo. Kukiharibika unarudisha kiungo kwenye toleo-07 na wanachama wanaendelea kuhudumiwa wakati unatafuta shida kwa utulivu. Wanaotumia anwani za wavuti waweke namba ya toleo ndani ya anwani yenyewe, kache haitawasumbua tena maana anwani mpya kwake ni kitu kipya.

Usiogope nafasi. Dakika moja ya alaw ni baiti 480,000 tu, promti zako 400 hata zikiwa sekunde tano kila moja ni kama megabaiti 16, simu ya mtu ya mkononi ina picha nzito kuliko hizo. Weka matoleo kumi kama unataka.

Na kama kuna siku utalazimika kubadilisha faili moja palepale, usitumie cp, tumia mv kutoka kwenye diski hiyohiyo. cp inamwaga sauti mpya ndani ya faili ambalo mwanachama anasikiliza muda huo, katikati ya sentensi anasikia mchanganyiko au inakatika. mv inabadilisha jina tu, aliyekuwa anasikiliza anamalizia ile ya zamani mpaka mwisho na anayefuata anapata mpya.

Sasa daftari. Mafaili 400 bila orodha hayasimamiki, hata uwe na kumbukumbu ya namna gani. Fungua jedwali la Excel au chochote, kila promti mstari mmoja: namba yake, maneno KAMILI yanayosomwa neno kwa neno, lugha, nani alisoma, tarehe ya kurekodi, inatumika kwenye menyu ipi, na kama bado inatumika. Itakuchukua muda kuisikiliza moja moja na kuandika lakini fanya, hakuna njia ya mkato, na ukimaliza utashangaa ngapi hazitumiki kabisa na ngapi zinasema kitu kilekile. Majina ya mafaili yawe herufi ndogo tupu, bila nafasi, Linux inaona Karibu na karibu ni vitu viwili tofauti, na usiweke ile alama ya ng' kwenye jina la faili maana skripti itakukatikia hapo. Faili lisipopatikana Asterisk haimwambii mpigaji kitu, inaandika onyo kwenye logi (daftari la matukio ya seva) kuwa faili halipo kwa fomati yoyote afu simu inaendelea, mwanachama anasikia kimya anadhani simu imekatika. Pia ikikosa promti kwenye folda ya lugha inaenda kutafuta kwenye folda ya juu yake, ndo maana saa ingine katikati ya Kiswahili mama wa watu anasikia Kiingereza cha Marekani. Pitia logi za wiki nzima utafute hayo maonyo, utayakuta.

Kukwaruza. Niambie kama aliyesoma alirekodi kwenye simu akatuma kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, maana mara nyingi ndo inavokuwa. WhatsApp inaibana sauti, mtu akaigeuza MP3 inabanwa tena, ikageuzwa gsm inabanwa tena, afu seva inaigeuza alaw kila simu inapoingia. Kila hatua inakula kitu na hakuna hatua inayorudisha. Rekodi kwa wav, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16, chumba chenye mapazia na nguo nyingi, siyo chini ya bati mvua ikinyesha. Faili hilo la kwanza ndo mama, litunze pembeni na bakapu yake, usilihariri kamwe. Kama lazima litumwe kwa WhatsApp litumwe kama dokumenti. Kutoka kwa mama unazalisha fomati ya simu kwa amri moja:

sox mama/bei.wav -r 8000 -c 1 -t al bei.alaw

Mitandao ya simu kwetu inatumia alaw, sampuli 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukiiandaa hivo kabla, seva haina cha kugeuza, inasoma inatuma. Kwenye toleo linalofuata usiweke gsm wala wav, weka alaw peke yake, hapo na lile tatizo la kwanza la fomati tatu limekufa pia. Angalizo: faili la alaw halina kichwa ndani kinachosema mimi ni alaw, seva inaamini ule mkia tu. Ukilipa mkia wa ulaw, ile ya Marekani na Japani, itachezwa lakini sauti itatoka imechafuka, maneno yanasikika ila kama spika imepasuka. Kama zenu zinakwaruza namna HIYO basi shida siyo kurekodi, ni jina.

Simu inapitisha masafa ya hertzi 300 mpaka 3,400 hivi, juu ya hapo panakatwa, na herufi kama s na f sehemu yake kubwa iko huko juu. Kwa hiyo sita na tisa, zenye herufi zilezile, msomaji azitamke kwa utulivu na kwa wazi, hizo ndo zitaleta ugomvi wa hela. Sauti zote ziwe na ukubwa mmoja, kilele kama desibeli 3 chini ya ukomo. Na baada ya seva kupokea simu weka sekunde moja ya kusubiri kabla ya kusema karibu, la sivyo mwanzo unamezwa na mpigaji anasikia "...ribu kwenye chama."

Tuje kwenye namba, hapa ndo penye kazi na ndo pananifurahisha. Wengi wanachukua mtindo wa mifumo ya Kiingereza, wanarekodi kumi, wanarekodi na, wanarekodi mbili, seva inaunganisha. Kwa Kiswahili haikubali. Kilo ishirini na mbili sawa, lakini mizinga ishirini na miwili, madumu ishirini na mawili. Seva ikisema "mizinga ishirini na mbili" mwanachama anaelewa, ndiyo, ila anajua hapa anaongea na kitu kisichomjua, na mtu asiyekiamini kitu hatakiamini kwenye hela. Kwa hiyo rekodi moja mpaka tisini na tisa kila moja NZIMA kwa pumzi moja, hizo ni 99 za kilo, shilingi, ndoo na siku. Za mizinga zinabadilika zile zinazoishia na moja, mbili, tatu, nne, tano na nane tu, ni 60, zingine azima kwenye zile 99. Za madumu ni 50 maana moja haibadiliki, dumu moja. Sita, saba, tisa na makumi hazina tabu na mtu. Kazi ya siku moja kwa msomaji mzuri, mpe maji ya uvuguvugu.

Mia, elfu na laki nazo zina mtego. Hela watu wa kwetu wanahesabu kwa laki, usimsomee mtu "elfu mia mbili na hamsini" wakati yeye anajua laki mbili na nusu. Lakini "laki moja na ishirini" kuna atakayesikia 120,000 na kuna atakayesikia 100,020, kwa hiyo mfumo useme laki moja na elfu ishirini, kwa ukamilifu, kila mara. Kilo zinazofika elfu kumi na mbili zina utata huohuo, hapo rekodi "elfu kumi na mbili" kama kipande kimoja kinachoshuka mwishoni. Na kila namba irekodiwe mara mbili, moja sauti ikiwa inaendelea na moja ikiwa inashuka kumalizia, ukitumia ya kuendelea mwishoni mpigaji anabaki anasubiri kuna kitu bado.

Saa usisahau. Databesi ina 14:30, mwanachama aambiwe saa nane na nusu mchana, yaani skripti itoe sita kabla ya kuchagua promti. Nimesikia mifumo inamwambia mtu aje saa kumi na nne!

Bei yenyewe kama inabadilika mara chache kwa msimu, irekodi sentensi nzima, inasikika vizuri mno kuliko kuunganisha. Kama inabadilika kila wiki basi "Bei ya asali leo kwa kilo moja ni shilingi" afu namba mwishoni. Menyu zianze na jambo zimalizie na namba, "kusikia malipo yako bonyeza mbili", siyo kinyume, maana mwenye kitochi anaitoa simu sikioni kutafuta kitufe na akirudisha ameshapitwa. Mpe sekunde saba za kimya, urudie. Na zichezwe kwa amri ya Asterisk ya Background siyo Playback ili aliyezoea abonyeze bila kusubiri. Alama ya reli itumike kwa kitu kimoja tu mfumo mzima, kurudi nyuma.

Kinyamwezi nakiunga mkono kabisa, kuna wazee wa Uyui na Sikonge ambao bei kwa Kiswahili wataielewa lakini maelezo ya makato hapana. Tengeneza folda nym sambamba na sw (hiyo ndo alama ya kimataifa ya Kinyamwezi, Kisukuma ni suk), muundo ndani uwe uleule, majina ya promti yaleyale. Ila usichukue vipande vya Kiswahili ukaomba mtu avigeuze kimoja kimoja. Kinyamwezi kina ngeli zake na mpangilio wake wa sentensi, namba inaweza isikae pale ulipoizoea. Mpe mzawa maana nzima, aiseme anavyomwambia baba yake, mwingine aandike alichosema, ndo irekodiwe. Skripti ya kuunganisha namba iandikwe upya kwa lugha hiyo. Kama muda haupo, anza na promti za maelezo kwa Kinyamwezi na namba mbakize Kiswahili, watu wenyewe sokoni wanachanganya hivohivo, na hawatashangaa.

Seva ikae wapi? Muulize anayewapa laini simu zinaingilia wapi. Kama ni Dar, basi sauti zichezwe na seva ya Dar, ya Tabora ibaki na databesi. Kila simu moja ya alaw inatuma vifurushi 50 kwa sekunde, ukijumlisha na vichwa vyake ni kama kilobiti 80 kwa sekunde kila upande, simu 30 kwa pamoja ni megabiti 2.4 kwenda na 2.4 kurudi, na intaneti ya ofisi ikiyumba kidogo tu sauti inakatikakatika. Swali la kilo za mwanachama kwenye databesi ni baiti chache, hata ikichelewa sekunde mbili unamwekea "subiri kidogo, tunatafuta taarifa zako". Umeme ukikatika Tabora, seva ya Dar iwe na promti zake za dharura humohumo kwenye diski yake: bei ya leo ni hii, taarifa zako binafsi hazipatikani kwa sasa, piga tena baadaye. Promti ya kusema kuna tatizo ikikaa kwenye seva yenye tatizo haina kazi.

Kabla ya kumsomea mtu malipo yake mfumo uombe namba ya siri, usitegemee namba aliyopigia, simu za familia zinazunguka mikononi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na chama pia, imeanza kutumika Mei 2023, viongozi waisome.

Mwisho msomaji wenu. Andikianeni makubaliano mapema, sauti itumike wapi, kwa muda gani, analipwa nini kila mkirekodi nyongeza, kwa sababu promti mpya zitahitajika kila msimu na ikija sauti ya mtu mwingine katikati ya sentensi wanachama wanashtuka. Kila akija arekodi chumba kilekile, maiki ileile, umbali uleule, na kabla hajaanza msikilizishe promti tatu za zamani kwa hedifoni ili aikute sauti yake mwenyewe. Mrekodie pia sekunde kumi za kimya cha chumba, utazihitaji kuziba nafasi kati ya vipande. Ukimaliza ile kazi ya asterisk -rvvv niandikie umeona mkia gani.